Muuza Maua wa Nyangoto na Duka Lisilo na Mlango

Maua mimi sikuyapenda, na mwenye kuyauza nilichelewa kumpenda. Nimekulia kwa watu wanaopanda kitu ili kiliwe, au kichomwe, au kiezekwe juu ya nyumba. Kitu cha kupandwa ili kikatwe kingali kizuri, kifungwe utepe, apelekewe mtu ambaye baada ya siku tatu atakitupa jalalani, hicho sikukielewa, na uzee umenikuta sijakielewa. Lakini niliishi uzio mmoja na muuza maua pale Nyangoto kwa miaka mingi, na wajukuu zangu wanaotaka kufungua biashara kwenye simu wananiuliza alifanyaje. Basi naandika ninayoyajua. Mengine sikuyajua wakati ule na siyajui leo.

Jina lake halina kazi hapa. Kila mtu alimwita muuza maua, hata mchungaji, hata mashemeji zake.

Kibanda chake cha bati kilikuwa kati ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu na mama mmoja wa chapati. Karasha lile lilikuwa likitoa vumbi jeupe kutwa, ukinunua chapati unaitafuna na mawe. Kila asubuhi muuza maua alichukua kitambaa kibichi akafuta maua, jani moja moja, kama mtu anayemnawisha mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Akimaliza la mwisho, la kwanza limeshakuwa jeupe. Anaanza tena. Nilimwambia, "Wewe una kichaa." Akasema, "Dada, mteja akija akikuta ua lina vumbi atadhani na mimi nina vumbi."

Sasa usinielewe vibaya. Hakuwa mtu laini. Watu wanadhani muuza maua ni mtu wa kunong'ona. Huyu alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

Wateja wake walikuwa vijana wachimbaji, wale wa mashimo ya dhahabu ambayo wenyewe huyaita maduara. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Walikuja kutoka kila mahali, wengine hata Kiswahili chao hukijui ni cha wapi. Kijana anatoka shimoni ana tope mpaka masikioni, amepata, hajanawa, hajala, anakuja kununua maua. Muuza maua alikuwa na swali moja kabla ya salamu: "La furaha au la msiba?" Kwa sababu, alisema, la furaha unalikata likiwa bado limefumba, na la msiba unalikata limefunuka kabisa.

Siku moja kijana akaonyesha kidole shada kubwa lililokuwa ukutani.

"Nataka lile."

"Mura, kijana wangu, lile ni la kaburi."

"Ndiyo kubwa kuliko yote, mama. Nataka kubwa."

"Unampelekea nani?"

"Mchumba."

"Unataka kumwoa au kumzika?"

Mama wa chapati alicheka mpaka akaunguza chapati mbili. Lakini muuza maua hakucheka. Alimkalisha yule kijana kwenye ndoo, akamnawisha mikono, akamfungia maua matano ya njano, akamwambia, "Haya yamekatwa jana. Kesho jioni yataanza kuinama. Kwa hiyo mpelekee leo na umwambie leo hilo unalotaka kumwambia." Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa mteja. Ua la jana alisema ni la jana. Ua lililoanza kuoza shina alikuonyesha shina. Nilimwona akimfukuza mnunuzi aliyetaka maua ya mapema kwa harusi ya Jumamosi: "Ukiyachukua leo utaoa na majani makavu. Rudi Ijumaa."

Mashada ya msiba ndiyo yaliyomlisha zaidi, na hili nalisema bila furaha. Duara likiporomoka, siku ya pili kibandani kwake hakuna mahali pa kukanyaga. Sisi Wakurya mashada hatukuwa nayo zamani. Nakumbuka msiba wa kwanza kuletewa shada, wa mzee mmoja wa Kerende mwenye ng'ombe wengi. Wazee walilitazama lile shada kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemwalika. Mmoja akasema, "Marehemu alikuwa na zizi zima, nyie mnamletea majani?" Wakaliweka juu ya kaburi. Mchungaji akafumba macho kuomba. Alipofumbua, mbuzi walikuwa wamekwisha kula nusu.

Mtu mwingine angekasirika. Yeye alienda akawatazama wale mbuzi wanakula nini na wanaacha nini. Mashada yake yote baada ya hapo aliyazungushia bangibangi, ule mmea wa njano unaonuka vibaya, mbuzi hawausogelei. "Mbuzi wamenifundisha kazi," alisema.

Nyumbani kwake mwenyewe, mlangoni, hakupanda ua hata moja. Alipanda mchicha. Nilipomuuliza akanijibu kwamba mtu anayeuza sabuni halazimiki kuoga kutwa. Hilo nalo silielewi, lakini nimelibeba.

Na kuna jambo la shemeji yake.

Mume wake alikufa akamwachia kiwanja kirefu nyuma ya nyumba, kinashuka mpaka kijito. Humo ndimo alimopanda: yale mekundu ya majani mapana, ya njano, ya zambarau yanayosimama kama panga, na bogonvilia kwenye uzio. Kiwanja kilikuwa cha ukoo kwa mdomo wa kila mtu, karatasi haikuwepo. Shemeji yake mkubwa alikuwa mtu wa maduara. Alikuwa amekwisha kuonja udongo wa pale kwa ulimi, wanavyofanya wao, akasema mshipa wa dhahabu unapita chini ya maua. Kila alipokuja, muuza maua alikuwa na uongo mpya. Mara maua haya kanisa limeshayachukua yote mpaka Pasaka. Mara bwana kilimo amekataza kuyang'oa. Mara kuna ugonjwa kwenye udongo, ukichimba utakuingia kwenye mapafu. Kwa mteja msema kweli, kwa shemeji mwongo, na uso ulikuwa ule ule mmoja. Mimi nilikuwa nachambua ulezi wangu upande wa pili wa uzio nasikia yote, nashindwa kujua nimfuate yupi, yule wa kibandani au huyu wa nyumbani.

Mwisho shemeji akachoka. Alisimama katikati ya maua, akasema mbele yangu, "Shemeji, mimi siyo mtu mbaya. Lakini ardhi ni ya kulisha watu. Mvua za masika zikiisha sijaona haya maua yanakulisha wewe na watoto wa ndugu yangu, nachimba. Mama pale ni shahidi."

Mama pale ni mimi. Sikuombwa, nikafanywa shahidi.

Basi akaja binti wa dada yake kutoka Sirari. Mwanamke mtu mzima, ameolewa upande wa Kenya, kazi yake kompyuta. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo.

"Aunty, shida yako ni moja tu. Unauzia watu wa hapa peke yake. Saa hii kila mtu ako online. Acha nikutengenezee websaiti."

"Ndiyo nini?"

"Ni duka, lakini halina mlango. Mtu anaingia akiwa kwake."

Mimi nikaingilia. "Duka halina mlango, mwizi anaingilia wapi?"

"Anaingia tu, nyanya. Hata mwizi anakaribishwa, bora anunue."

Alikaa wiki nzima anagongagonga kompyuta yake. Siku ya kutuonyesha tukakaa watatu kitandani kwa muuza maua, mimi na miwani yangu. Likafunguka. Kwanza likapiga muziki, nikashtuka. Halafu maneno ya Kizungu, mengi, yanapita kama magari. Halafu maua. Mungu wangu, maua! Mawaridi meupe makubwa kama kabichi, yana matone ya maji, nyuma yake mlima wenye barafu.

"Haya ni ya nani?" nikauliza.

"Ni ya internet, nyanya."

"Internet ina shamba wapi?"

 Nilimtazama muuza maua pembeni. Alikuwa na uso wa mtu aliyevalishwa nguo ya kuazima, nzuri, lakini anaogopa kuinua mkono isije ikachanika. Yule binti amefanya kazi wiki nzima bila kulala sawasawa, utamwambia nini? Namba ya simu ya duka sikuiona mpaka nilipoonyeshwa chini kabisa, kidogo kama mayai ya chawa. Mahali pa duka pameandikwa Tanzania. Tanzania! Mtu akishuka Tanzania aulize muuza maua yuko wapi?

 Nikasema moyoni, mimi darasa la nne najua nini.

Na simu ikapigwa. Hiyo ndiyo iliyonichanganya zaidi. Wiki ya tatu, mwanamke kutoka hoteli moja ya wageni karibu na geti la Ikoma la kuingilia mbugani anataka mawaridi meupe, ndoo nne, kuna Wazungu wanaoana porini Jumamosi. Na muuza maua, yule niliyemsikia akifukuza wanunuzi kwa sababu ya shina kuoza, akasema, "Ndiyo. Yapo."

Masika ilikuwa inaelekea kwisha. Najua ndiyo sababu. Lakini neno lilitoka mdomoni kwake, nikalisikia.

Aliniomba nimsindikize. Tulikata alfajiri kila kitu cheupe au kinachokaribia weupe, ukikitazama umefinya macho. Tukafunga kwa khanga mbichi. Gari dogo mpaka Mugumu, na kutoka Mugumu pikipiki mbili, mimi na ndoo mbili, yeye na ndoo mbili. Umri wangu ule, nimekumbatia mgongo wa kijana wa watu, twiga wananitazama. Njiani tuliposimama kunyoosha miguu akaniambia, "Dada, nimedanganya mteja." Nikamwambia, "Nilisikia." Tukapanda tena pikipiki mpaka getini.

Aliyetupokea alikuwa msimamizi wa ile hoteli, mama wa Kiikoma, mnene, funguo zinalia kiunoni. Alifunua khanga ya kwanza. Akafunua ya pili. Akatoa simu yake, akaangalia mawaridi yale ya barafu, akaangalia ndoo.

"Mama, haya ndiyo yale?"

"Siyo yale," muuza maua akasema.

"Yale yako wapi?"

"Sina. Sijawahi kuwa nayo."

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na pikipiki. Yule mama akavuta pumzi, akawaita watu wake wakatafute maua mahali pengine, siku ikiwa Ijumaa. Sisi akatuacha tumesimama juani. Halafu akarudi, akainama kwenye ndoo, akavuta moja la yale ya zambarau ambayo tuliyatia tu kujaza nafasi. Akaligeuzageuza.

"Hili umelitoa wapi?"

"Hilo ni langu. Lipo shamba zima."

"Linakaa siku ngapi kwenye maji?"

"Sita. Ukibadilisha maji, nane. Lile jekundu tatu tu, usidanganywe."

"Sasa mama yangu," akasema, na alikuwa amekasirika kweli, "mimi nina meza ishirini za kuwekea maua kila wiki. Ninayaleta kutoka mbali yanafika yamekufa. Wewe una haya, uko hapo Nyangoto, halafu unanionyesha maua ya Ulaya? Kwa nini hukunionyesha haya?"

 

Yule mama akatukaribisha chai, na kwenye ile chai akasema maneno ambayo nimewarudishia wajukuu zangu mara nyingi. Akasema yeye akifungua duka la kwenye simu hatafuti uzuri. Uzuri upo kila mahali. Anatafuta: una nini wiki hii, siyo mwaka jana. Uko wapi, na utafika kwangu siku gani. Litakaa siku ngapi. Na namba ya simu iwe juu, kubwa, na nikipiga apokee mtu anayejua maua. "Muziki wa nini?" akasema. "Mimi nilifungua ofisini, bosi akadhani nacheza."

Tulirudi na ndoo zetu nne. Lakini muuza maua alirudi ameamka.

Akampigia yule binti wa Sirari. "Toa yote. Njoo upige picha za kwangu."

Hapa ndipo ninapofika mahali pa kuchanganyikiwa kwangu kwa kweli, na naomba msomaji anivumilie.

Binti alikuja na kamera ya kukodi na kile kigoda chake cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera. Sasa pale kwetu kitu cha miguu mitatu tunakijua. Kikisimamishwa shambani kwa mtu, maana yake ardhi inapimwa. Mgodi mkubwa unapanuka, wathamini wanakuja, kilichomo kwenye ardhi kinaandikwa na mwenyewe analipwa fidia. Ndiyo maana kulikuwa na ule mchezo wa kutegesha: ukisikia mstari unapita kwako, unapanda migomba usiku na mchana, unasimamisha nyumba ya udongo isiyo na mtu, ili wakija kuandika wakute. Watu wazima wenye akili zao walifanya hivyo, na mimi sikuwa mbali, nilipanda mihogo mara moja.

Binti hajamaliza picha ya tatu, uzio umejaa watu. Kufikia saa sita mchana kila mtu wa ukanda ule anachomeka kitu ardhini. Vijiti vya mihogo. Matawi ya mti wowote, hata yasiyo na mizizi. Mama wa chapati alifunga biashara akaenda kupanda. Na kwa kuwa waliona kinachopigwa picha ni maua, wakataka maua. Walikuja kununua maua ya kibandani, yaliyokwisha kukatwa, wakayachomeke shambani yakiwa na utepe wake! Muuza maua akawaambia, "Hayo hayataota, yamekatwa." Wakamjibu, "Tunajua. Yasimame tu mpaka kesho." Jirani yangu mmoja alimsimamisha mke wake mbele ya nyumba na watoto wote na mbuzi, akamwita binti, "Na sisi! Tuandike na sisi!" Binti hakuelewa hata kidogo. Aliwapiga picha, akidhani ni watu wanaopenda picha.

Muuza maua alielewa. Nilimwona ameelewa.

Jioni shemeji akaja. Hakwenda kwake, alikuja kwangu, akavua kofia. "Shikamoo mama. Wewe ni mtu wa kanisa. Wale waliokuja na kigoda, wanapima?"

Nilikuwa na ulezi kwenye ungo. Nilipepeta kidogo. Ningeweza kusema, siyo, ni picha za duka. Maneno machache tu. Nikamwangalia yeye, nikaangalia ule uzio, nikasema, "Mwanangu, mimi sijui mambo ya picha."

Na ni kweli sikujua mambo ya picha. Mpaka leo nalitazama lile neno. Halina uongo ndani yake, na lilifanya kazi ya uongo.

Shemeji akawarudisha watu wa sururu aliokuwa amewaita kuchimba, siku ile ile. Akakataza mtu mwingine asikanyage mle, maua yasije yakapungua kabla ya kuandikwa. Akaongeza waya kwenye uzio. Kiangazi kilipokuja, akabeba maji. Nasema nilimwona kwa macho yangu: mtu wa maduara, mabega kama mlango, amebeba ndoo kutoka kijitoni anamwagilia maua, moja moja, watu wanapita njiani wanamsalimu. "Shemeji wangu amekuwa mkulima," muuza maua aliniambia, akageuka asinitazame usoni. Sikucheka. Yeye naye sikumsikia akicheka.

Lile duka jipya la kwenye simu likawa duka kweli. Namba juu, kubwa, hata mimi niliisoma bila miwani. Maneno ya Kiswahili, na ya Kizungu machache chini yake. Picha zenyewe za mle shambani, na chini ya kila ua ameandika litakaa siku ngapi, na lile jekundu ameandika wazi: siku tatu tu. Kila Jumatatu alikuwa anamwambia binti kwa simu, "Yale ya njano yameisha, yaondoe," na yanaondoka. Gari la hoteli ya Ikoma likawa linakuja kibandani kila Alhamisi. Wakaja na wengine, wa mahafali, wa harusi za Tarime mjini. Watoto wakarudi shule. Kile shemeji alichokitaka siku ile mbele yangu, maua kulisha watu, kilitimia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anayanywesha maji.

Ndipo nilipomwambia, "Sasa mwambie. Mwonyeshe lile gari. Mwambie ukweli, maua yanalisha."

"Nitamwambia, dada."

"Lini?"

"Alhamisi hii ikipita."

Alhamisi zilipita nyingi. Nilimsema, nikamsema, halafu nikaacha. Na mimi sikumwambia. Nilijiambia siyo ukoo wangu.

Misimu miwili wathamini hawakuja. Shemeji alimwoza mwanawe, na kwenye sherehe binti wa Sirari alikuwepo. Shemeji akamuuliza vizuri tu, mbele ya watu, "Mwanangu, zile picha zilikwenda ofisi gani? Majibu mbona hayatoki?" Yule binti akacheka, bila ubaya. "Ofisi gani, baba? Ziko kwa websaiti. Si ni za kuuza maua?"

Watu wakacheka. Walimkumbuka shemeji na ndoo zake.

Kikao cha ukoo kilikaa wiki ile. Niliitwa, shahidi. Shemeji hakufoka. Alimuuliza muuza maua, "Ulijua nadhani nini?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza mimi."

"Nilimuuliza mama huyu."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Aliniuliza. Nikamwambia sijui." Mzee mmoja akaniuliza, "Ulikuwa hujui?" Nikasema, "Nilikuwa najua." Hapo nilisema yote, ila nilikuwa nimechelewa, kama dawa baada ya mazishi. Nikawaambia pia kuhusu gari la Alhamisi, kwamba maua yanalisha. Shemeji akasema, "Angenionyesha hilo gari siku ya kwanza ningemwachia shamba. Sasa kila nikilitazama lile shamba naona ndoo."

Sijui kama angemwachia. Mtu husema hivyo baadaye. Labda kweli angemwachia. Labda bila ule uongo shimo lingechimbwa masika yale yale. Nimezigeuza pande zote mbili kama yule mama na lile ua, na sioni.

Wakachimba. Maua yaling'olewa kwa siku moja, na mimi nilichota ulezi wangu nikahamia upande wa mbele wa nyumba kwa sababu ya kelele. Wengine wanasema walipata, wengine wanasema hawakupata. Mwenye kupata hasemi.

Muuza maua aliondoka na watoto wake bila kuniaga, na sikumlaumu.

Mwaka huu, baada ya miaka, nilikwenda Ikoma kwa msiba wa mtu wa kanisa. Mtu akanionyesha nyumba ya muuza maua. Yule mama wa funguo alikuwa amemtafutia kipande cha ardhi cha kukodi, na safari hii kina karatasi. Nilimkuta amechuchumaa, tope mpaka viwikoni. Amezeeka, kama mimi. Akaniona, akakaa chini kabisa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Tulikaa. Nilitaka kumwomba msamaha, nikakosa pa kuanzia, kwa sababu sikujua namwomba kwa kuficha au kwa kusema. Nadhani na yeye alikuwa hivyo hivyo. Akatoa simu.

"Uje uone, kabla sijaondoa."

Lilikuwa ni lile duka. Na ndani yake shamba la Nyangoto zima, limechanua, bogonvilia imelala juu ya uzio. Pembeni kabisa ya picha moja kuna mwanamke ameinama na ungo. Nilichelewa kumtambua.

"Mbona lipo bado?" nikamuuliza.

"Nimeshindwa kuliondoa miaka yote. Watu wanapiga simu, wanataka yale maua. Nawaambia yameisha. Kila siku nawaambia yameisha." Akafuta kioo cha simu kwa upindo wa kitenge. "Siyo duka hilo, dada. Duka linaonyesha kilichopo."

Akampigia binti wa Sirari. "Ondoa," akasema. Binti akauliza kitu. "Yote," akasema. Tukakaa tunaangalia kioo. Hakuna kilichotokea, hakuna kilichotokea, halafu kikawa cheupe.

Akainuka, akaenda kwenye tuta, akapiga picha moja kwa simu ile ile. Picha ya udongo tu, na vijiti vya kijani urefu wa kidole. Akaituma. Baada ya muda ikatokea dukani, peke yake, na chini yake namba ya simu, kubwa.

Nikamwambia, "Nani atanunua udongo?"

Simu ikaita. Sauti ya mwanamume, nilimsikia, ana haraka, anataka maua ya kesho.

"Sina," muuza maua akasema kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe. "Yameota juzi. Nipigie baada ya wiki tisa."

Mwanamume akasema kitu.

"Ndiyo," akasema. "Nitakuwepo."

Tukarudi kwenye tuta. Nilimshikia ndoo.